Barafu ya Mzee Nestori

Miaka ishirini na mbili Mzee Nestori alibeba chanjo kwa pikipiki, kutoka Kibondo hadi zahanati za mpakani kule Nyabibuye, na haikumharibikia hata chupa moja. Alikuwa na majivuno yake, tusimfichie. Kwake yeye duniani kulikuwa na vitu vya aina mbili tu: vinavyowekwa kwenye barafu, na vinavyooza.

Mwaka aliostaafu, mjukuu wake Divine, mtoto wa miaka saba, alipatikana na saratani ya damu. Watafiti waliopiga kambi Kasulu walikuwa na chembe ndogo mno, ambazo seli hai huzimeza, kisha chembe hizo huwaka kijani kadiri tindikali inavyopanda ndani ya seli. Wangezijaribu dawa mbili kwenye seli za mtoto, na kwa mwanga huo wangejua ipi inaushinda ugonjwa wa Divine na ipi ingemmaliza bure. Huko Kibondo uboho ukachotwa mfupani, mtoto akilia mpaka sauti ikakauka. Daktari akasema hatachomwa tena, hana nguvu hiyo.

Nani aupeleke uboho huo Kasulu? Nestori, bila shaka.

"Mzee, hii si chanjo," Firdausi, mtaalamu wa maabara wa watafiti hao, alimweleza kwa simu. "Seli zikae na joto la mwili. Usiweke barafu."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Na kweli alielewa. Lakini alipofika Makere mvua ilimzuia, akajibanza dukani kwa rafiki yake Omary. Akagusa kisanduku cha uboho: vuguvugu. Akatulia. Akagusa tena. Mikono yake ikakataa yale ambayo masikio yalikuwa yameyakubali. Akaomba chupa mbili za maji yaliyoganda kwenye friji ya Omary, akazipanga vizuri kama alivyofunzwa ujanani, kwa upendo wote aliokuwa nao. Mazoea yana tabu.

Kasulu, Firdausi alifungua kisanduku akazitoa zile chupa. Barafu ilikuwa haijayeyuka. Alijaribu hivyo hivyo, saa nzima, kisha akamwita mzee achungulie kwenye hadubini. Palikuwa na giza tupu.

"Zilizokufa hazimezi," alisema. "Sasa madaktari watabahatisha."

Nestori hakutafuta wa kumlaumu. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma njia nzima hadi Kibondo.

Alimkuta Divine yu macho. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwahidi mtoto kwamba damu yake itawaka kama kimulimuli.

"Babu, iliwaka?"

Mzee akavua koti lililolowa, akalitundika taratibu.

"Iliwaka, mama."

"Basi wameshaijua dawa yangu," mtoto akasema, akafumba macho.