Kaka Alivyokimbia Kisu kwa Ajili ya Mwezi Mchanga

Siku moja kabla ya kupasuliwa, kaka yangu aliingia mitini kwa sababu ya mwezi.

Sisemi mwezi wa mshahara. Mwezi wa angani. Ule mwembamba, umekaa magharibi kama kipande cha kucha, hata kukumulikia tundu la ufunguo hauwezi.

Cheka tu. Mimi nilicheka pia, na baadaye kicheko kikanitokea puani.

Kaka ni fundi seremala. Miaka ya kubeba mbao ilimzawadia ngiri ya kinena, uvimbe wa kama limau, ambao alikuwa akiurudisha ndani kwa vidole kama mtu anayefunga droo.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nafua na kupiga pasi mashuka ya wodi na ya chumba cha upasuaji. Si daktari, lakini ukifua mashuka yale miaka kumi na moja, unajua ni nani aliyechelewa kuja.

Foleni ya upasuaji ilikuwa ya miezi mitano. Nikamganda sista mkuu wa wodi kama kupe mpaka akanitafutia nafasi. Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Aje na njaa," akaniambia. "Na asinitie aibu."

Jumapili jioni nikaenda kwa kaka na nguo mpya za kulalia. Nikamkuta nje ya karakana, shingo ameipinda, macho juu.

"Mdogo wangu, kesho siendi."

"Huendi wapi?"

"Mwezi ndio kwanza umeandama. Unakua. Mzee Falaki amesema mwili haukatwi mwezi ukiwa unakua."

Mzee Falaki! Mnajimu wa uchochoroni, ana benchi nyuma ya kibanda cha mchonga funguo, daftari limejaa miduara, miwani imefungwa kwa uzi. Kaka alimtengenezea rafu ya vitabu, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Mtu ambaye hawezi kutengeneza miwani yake mwenyewe, eti anasoma nyota.

Kaka akaanza kunisomea kama mtoto aliyekariri.

"Mwezi mchanga ni wa kuanzisha mambo. Unapanda mbegu, unafungua duka, unaposa. Kila kilichopo kinavutwa kikue. Sasa ukikata mwili, damu nayo inakua. Jeraha linakua. Nikisubiri uanze kupungua, hata uvimbe utalegea wenyewe."

"Na ukizidiwa, mwezi ndio utakuja kukushika mkono?"

"Wewe unadharau kila kitu."

Kweli nilidharau. Nilidharau mpaka taya likaniuma. Nikamwambia kuna watu wamepewa kichwa cha kuvalia kofia tu. Nguo za kulalia nikazitupa kwenye maranda ya mbao.

"Ukizidiwa usinitafute. Mpigie huo mwezi."

Wifi yangu, mkewe kaka, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. 

Jumatatu saa mbili kasoro nikaenda kwa sista mkuu kuomba radhi. Hakuningoja nimalize.

"Nafasi imeshapata mtu. Lakini kwa ombi la namna hii, kwangu usirudi."

Siku tisa sikumpigia kaka. Nikitoka kazini jioni nauona mwezi unanenepa, nausonya, naenda zangu.

Siku ya tisa, adhuhuri, simu ikaita. Wifi.

"Wifi, njoo! Kaka yako ameanguka karakana. Alikuwa ananyanyua mlango wa kabati."

Nilimkuta amejikunja sakafuni, katapika kijani. Ule uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe, umekataa kurudi. Tukamkimbiza hospitali. Daktari mpasuaji akaubonyeza mara moja tu, kaka akapiga ukelele.

"Utumbo umenaswa. Umeanza kubana lini?"

"Juzi," wifi akajibu.

"Juzi?" Nikamgeukia. "Mbona hamkunipigia?"

Akatazama sakafu.

"Alinikataza. Alisema bora haya maumivu kuliko ulimi wako."

Hapo nikakosa pa kuweka uso.

Walimkata utumbo urefu wa shubiri, sehemu iliyokuwa imeshakufa. Alipona. Na mwezi, kwa taarifa yenu, ulikuwa bado unakua, umebakiza kidogo ujae. Damu haikufanya fujo yoyote.

Ngoja sasa. Hapo bado.

Siku mbili baadaye nilikuwa nasukuma toroli la mashuka, napita mbele ya chumba cha kufungia vidonda. Kwenye benchi, shati kalipandisha, tumbo nje, amekaa Mzee Falaki.

Anangoja kutolewa nyuzi.

Sista mkuu akaniona nimeganda. "Unamjua? Huyu ndiye aliyeingia kwenye nafasi ya kaka yako. Ngiri ileile. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na mfuko wake, hajala kitu, ananiambia amesikia kuna mgonjwa hatakuja."

Amesikia!

Saa kumi na mbili mimi mwenyewe nilikuwa bado sijafungua kinywa. Kaka alimwambia tarehe yake kama mtu anavyomwambia rafiki, na rafiki akaipima, akaona inamtosha yeye.

Nikamsogelea.

"Mzee, shikamoo leo hupati. Jumatatu ile mwezi ulikuwa unakua au unapungua?"

Akagusa uzi wa miwani. "Binti yangu, nyota za watu hazifanani. Nyota ya kaka yako ni ya maji, na maji yakivutwa na mwezi..."

"Na wewe kwenye foleni ulikuwa umebakiza miezi mingapi?"

 Akasema taratibu, "Minne. Nami nilikuwa naumwa, binti."

Nadhani hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake mwaka ule. Sikumhurumia. Nilitazama kidonda chake, kimefunga vizuri, kikavu, kisafi.

Nikaliacha toroli palepale, nikaenda kitandani kwa kaka, nikamwaga yote. Alisikiliza macho yakiwa darini. Nikasubiri atukane. Nilikuwa tayari hata kumsaidia matusi.

"Kidonda chake kimekauka?" akauliza.

"Kimekauka."

"Kwa siku kumi na moja tu?"

"Ndiyo, kaka. Kumi na moja."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima kabisa.

"Unaona? Yule mzee siku anazijua."

Maneno yalinijaa mdomoni, makali, yamejipanga. Nikayameza. Nikamwekea mto vizuri, nikamuuliza kama anataka maji.

Alitaka.

Wewe unayesoma, mtu akikwambia siku yako bado, muulize yeye siku hiyo atakuwa wapi. Na kama una ndugu asiyeambilika, mdharau kimoyomoyo upendavyo, ila usimfanye akaogopa kukupigia simu.