Kisima cha Kina Luqman

Concepta Mueni alikuja kufundisha Kemia karibu na Msambweni mwaka 1998, akitokea Machakos. Wiki ya kwanza alifua nguo kwa maji ya kisima cha nyumba za walimu, akamaliza nusu mche wa sabuni bila kuona povu la maana. Jumatatu aliingia kidato cha tatu na ndoo ya maji yale.

"Kwa nini hayatoi povu?" aliwauliza.

Wanafunzi walishika kalamu wakingoja jibu. Hakulitoa.

"Mwalimu, tuandike nini?" aliuliza Luqman.

"Andikeni mnavyofikiri."

Kisha Mishi, msichana mpole aliyeketi nyuma, akasema, "Kwetu Kikoneni povu hujaa beseni."

"Basi niletee maji ya kwenu."

Wiki iliyofuata meza ya maabara ilijaa chupa za maji kutoka kila upande. Waliyadondoshea maji ya sabuni tone kwa tone, wakitikisa na kuhesabu. Ya Kikoneni yalitoa povu kwa matone sita. Ya Diani, kwenye ardhi ya matumbawe, yalipita arubaini. Walibishana hata mkuu wa shule, Mwalimu Suleiman, akaja mlangoni.

"Mwalimu, hawa wana mtihani wa taifa mbele yao. Wape majibu waandike."

"Naomba wiki moja tu, mwalimu mkuu."

Wakachemsha maji. Yote yalilainika, yakatoa povu kwa matone machache, kama Concepta alivyowahakikishia, isipokuwa ya kisima cha kina Luqman.

"Kwani nawe hujui, mwalimu?" Mishi aliuliza kwa adabu.

Concepta aliona haya. "Kitabu nakijua, mwanangu. Kisima cha kina Luqman bado sikijui."

Darasa likacheka, naye akacheka. Walirudia mara tatu, mpaka Mishi akasema polepole, "Labda kuna vitu viwili ndani ya maji. Kimoja moto unakitoa, kingine haukiwezi."

Concepta aliketi, akamwomba aseme tena, kwa raha tu ya kumsikia. Ndipo akawapa majina: ugumu wa muda na ugumu wa kudumu.

Muhula uliofuata Mwalimu Suleiman alimkuta ofisini.

"Watoto wako wamenichosha. Nafundisha Historia, wananiuliza nimejuaje."

"Ukawajibu nini?"

Mzee alikuna kidevu. "Niliwaambia nitatafuta."