Simu Iliyomkubali Pacha Wangu

Fundi simu wa pale mjini Moshi aliniapia: "Dada, hii haifunguki mpaka ione sura yako wewe." Nikamwamini, mjinga mimi! Hakuniuliza kama nina pacha, na mimi sikukumbuka kumwambia.

Nilikuwa na sababu ya kuifunga. Nilikuwa nimegundua uvimbe kwenye titi, nikaenda hospitali kimyakimya, wakanikata kinyama kidogo cha kupima. Nesi mmoja niliyesoma naye aliahidi kunitumia ujumbe majibu yakitoka. Nyumbani sikumwambia mtu. Mama ana presha, na pacha wangu hajui kufunga mdomo. Ukimwambia neno asubuhi, jioni mtaa mzima wa Rau wanalo.

Jumamosi tulipanda kihambani kwa mama, kwenye migomba yake, tukakaa uani tukimenya ndizi za supu ya mtori. Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu, mweusi, unanata. Pacha alikuwa ameshamaliza fungu lake, ameshanawa. Simu ikalia kwenye benchi.

"Usiguse!" nikasema.

Nani wa kumkataza yule? Kwa ubishi tu akainyanyua, akaitazama. Ikafunguka! Nikamrukia, lakini kwa vidole vile ningeshika nini? Kwa hasira nikamwita mwizi. Alikuwa anasoma, midomo inacheza.

Nikajua nimekwisha. Nikakaa chini juu ya maganda.

"Si saratani," akasema, anafuta machozi. "Anasema ni uvimbe wa kawaida. Jumatatu uende ukaongee na daktari."

Mungu wangu! Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Wiki tatu nzima usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na sasa mwili wote ulikuwa mwepesi. Hata ile simu ya ovyo nilitaka kuibusu.

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Mnalia nini nyie?"

"Vitunguu," nikasema.

"Vitunguu gani? Bado sijavitoa."

Pacha, kwa mara ya kwanza maishani, akanyamaza. Alisubiri mama arudi ndani, ndipo akanipiga kofi la bega.

"Wiki tatu unanificha? Tumetoka tumbo moja, siku moja. Kama ingekuwa saratani, mimi nani angeniambia nikapime?"

Jamani, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Jumatatu tulikwenda wote wawili, na yeye ndiye aliyetangulia kuingia kwa daktari.