Kumwagilia Waya Lodwar

Mwaka wa 2012 niliamini kwa moyo wangu wote kwamba jua la Turkana hukausha umeme ndani ya waya, kama linavyokausha nyama. Niliipata habari hiyo Kakuma, kwa mafundi wa jenereta, nikairudisha Lodwar kama injili.

Nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya usiku. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Kenya, maana sisi Turkana tukisema Kenya tunamaanisha kule kwingine. Mbuzi wake walikuwa wakiibwa langoni kila giza likiingia, akataka kamera. Nikamfungia zile za waya mmoja wa mtandao: umeme unakwenda, picha inarudi humo humo. Kisanduku kinachosukuma umeme huo nilikiweka sebuleni kando ya runinga, nikavuta waya hadi langoni, mbali kiasi kwamba ukifika unahitaji kulala.

Mchana picha ilikuwa safi, ungehesabu kope za mbuzi. Jioni, kamera ya langoni ikazima. Kesho yake vilevile. Nikajua tu: umeme umekauka. Nikaufukia waya mtaroni, nikaanza kuumwagilia. Mbuzi wa Lodwar nzima wakaja kunywa.

"Ejok, fundi," mama akanisalimu kwa Kiturkana, mikono kiunoni. "Maji ya kunywa unamwagia waya?"

"Mama, niache. Mimi nimesoma."

"Usiku!"

"Usiku ndio kichwa hupoa. Mchana, Lodwar hii, nani anaweza kufikiri?"

"Basi leo ikizima tena, naita fundi wa Eldoret. Na utoe kidude chako sebuleni, kinanguruma kama paka mgonjwa."

Nimwachie fundi wa Eldoret? Mimi? Nikabeba kidude mpaka stoo ya chakula cha mbuzi, karibu na lango, nikakichomeka pale, na waya mwingine nikaurudisha kwenye runinga. Kisha nikamwaga madebe mengine mtaroni, makusudi, yeye akinitazama. Majirani wakachungulia juu ya ua wakicheka. Nikawaambia walete viti, onyesho ni la bure.

Jua likazama. Giza likaja. Lango likabaki palepale kwenye runinga, na mbuzi wote ndani yake, hakuna aliyepungua. Mama akaniletea chai mwenyewe, jambo ambalo Lodwar haijaliona tena. Nikampigia simu mwalimu wangu wa shule ya usiku, nimringie jinsi maji yangu yalivyolishinda jua.

Akaningoja nimalize.

"Umeme haukauki," akasema. "Waya wako ulikuwa mrefu mno, tena mwembamba. Jioni kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, inataka nguvu zaidi, na nguvu hazikuwa zikifika. Umesogeza kisanduku karibu, sasa zinafika. Acha kumwaga maji."