Mbwa Asiyekuja Akiitwa

Mama yangu anaamini kwamba mbwa hupimwa kwa kifaranga. Unamweka kifaranga mbele ya mtoto wa mbwa. Akimrukia, huyo akikua atakula mayai, atakula kuku, na siku moja atamuuma mtoto wa mtu. Akimwacha apite, ni mbwa wa kuishi na watu. Nilimuuliza kifaranga na mtoto wa mtu wanahusiana vipi. Akasema, "Wote wadogo, na wote wanapiga kelele." Sikukubali.

Tulikuwa tunatafuta mbwa kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu. Kaka na mkewe wanafanya kazi Dodoma na wamepanga chumba kimoja, kwa hiyo binti yao analelewa na wazazi wangu hapa Unyambwa, Singida, tangu alipoacha kunyonya. Mwaka jana, akiwa na miaka sita, mbwa wa nyumba ya njiapanda walimkimbiza akitoka dukani na pakiti ya chumvi. Hawakumuuma. Walimwangusha, wakamnusa, wakaenda zao. Tangu siku hiyo akawa havuki mlango wa jikoni bila kushikwa mkono.

Januari alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Huku kwetu watoto huenda shule wenyewe, na njia yao inakatiza mashamba ya alizeti mpaka pale pale njiapanda. Bibi yake mzaa mama anaishi Itigi, na shule iko ng'ambo ya ua wake. Akatuma salamu kwamba kama mtoto haendi shule huku, apelekwe kwake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ni wazo baya, na hilo ndilo lililotuuma. Mama akaanza kukunja nguo za mjukuu wake kwenye begi. Kesho yake anazitoa, anazikunja upya.

Wazo la mbwa lilikuwa la Baba. "Anayeogopa ng'ombe humpi fahali," alisema. "Unampa ndama amlee."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi ambayo sikuwa nimeipata, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kusoma makala kwenye simu kuhusu mbwa wanaofaa kuishi na watoto. Karibu zote zilisifu mbwa wenye manyoya ya dhahabu wanaolala kwenye kochi. Mama akachungulia picha.

"Huyo anaogeshwa?"

"Kila baada ya wiki chache, Mama."

"Na maji anachota yeye?"

Mbwa wetu ni wa kienyeji kama kuku wetu, ila kuku wa kienyeji wa Singida wanasifiwa mpaka Dar es Salaam, mbwa wanatupiwa mawe.

Baba mdogo, anayefuga mbuzi kijiji cha pili, alikuwa na mbwa jike aliyezaa watano. Jumamosi moja tukaenda kwa bodaboda mbili, Mama amepakata tenga lenye kifaranga mmoja. Mtoto nilimbeba mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, kwa sababu alikataa kuweka mguu chini.

"Mchumba wangu amekuwa mzigo wa kuni," Baba akamtania.

"Nimekuacha," akajibu kutoka mgongoni kwangu. "Sina mchumba anayefuga mbwa."

Baba ana kipimo chake. Humnyanyua mtoto wa mbwa kwa ngozi ya shingo. Anayelia hafai, anayenyamaza ndiye mlinzi. Wanne walikuwa wanacheza uani. Watatu walilia. Wa nne, mwekundu mwenye miguu minene, alining'inia kimya akimtazama Baba machoni.

"Huyu hapa," Baba akasema.

"Mshushe nimwone," Mama akasema, akafungua tenga.

Yule mwekundu hakungoja hata kunusa. Baba mdogo alimtoa kifaranga mdomoni mwa mbwa akiwa mzima, amelowa mate. Mama akamfuta kwa upindo wa kanga, akamtazama Baba. Mama mwenyewe akamchagua mweupe, aliyekuwa amechoka kucheza na kulala wakati kifaranga anampita puani. Nikamwambia kulala si tabia njema, ni kulala tu. Mimi nikamchagua mwenye madoa, kwa sababu makala zilisema mgeuze chali kifuani uone kama atatulia, na yeye alitulia. Baba mdogo akaniambia kwa upole kwamba huyo nilimkuta ameshiba.

"Ng'ombe mmoja kwa wachungaji watatu," akasema. "Na huyo mwenye mbwa mmemuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Nikageuza shingo. "Wewe unamtaka nani?"

Akanyoosha kidole chini ya ghala la mtama. Wa tano alikuwa kule, mweusi, amejibana kwenye nguzo. Wenzake walipotukimbilia yeye hakutoka. Baba mdogo alikuwa amemwita mara mbili, bure.

"Yule asiyekuja," mtoto akasema.

Baba akasema huyo ni mwoga. Mama akasema hajapimwa. Ila aliyepinga zaidi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba mbwa anayejificha ndiye huuma baadaye, kwa hofu, na nikalisema hilo mbele ya wote kama nasoma hukumu. Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, kidevu begani kwangu.

"Shangazi, mimi najificha," akasema. "Na siumi."

Tukaondoka na yule mweusi ndani ya tenga, na kifaranga mfukoni mwa koti la Baba. Mchango wangu ulibaki mmoja: nilihakikisha bwana mifugo anakuja kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Mbwa aliishi nyuma ya simtanki, mtoto aliishi mlangoni. Walitazamana. Chakula nilimpelekea mimi, ugali na mchuzi wa dagaa, akala nilipogeuka tu. Begi la Itigi lilikuwa limejaa. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Baba kwamba tumekosea, na kwamba nilisema.

Kisha mtetea wa Mama, mmoja mkali aliyetoka kuangua, akawapeleka vifaranga wake kunywa maji yanayovuja kwenye simtanki. Alimkuta mbwa. Nilikuwa naanika mtama, nikasikia kilio. Mtetea alikuwa amempanda mgongoni, anamdonoa kichwani, na mbwa hakujua hata akimbilie wapi. Kabla sijasimama, mtoto alishanipita na fagio la chelewa. Kuku yeye hajawahi kuwaogopa. Amekua kati yao.

"We kuku, una adabu?" alimfokea, akampiga fagio la mkia. "Kunywa maji uondoke."

Kisha akabaki pale, nje, peke yake, fagio mkononi, mbwa miguuni kwake. Nadhani aligundua wakati mmoja na mimi kwamba hakuna aliyemshika mkono. Hakurudi ndani. Akachuchumaa.

Jioni Mama alisema kuku ndiye kipimo, yeye alisema tangu mwanzo. Nikamkumbusha kwamba kwake kipimo kilikuwa mbwa asimle kuku, si kuku amle mbwa. Akasema chuo kimenifundisha ubishi.

Januari, asubuhi ya kwanza, mtoto alitoka na sare mpya na mbwa nyuma yake. Baba alinituma niwafuate kwa mbali. Alizeti bado ilikuwa fupi, haikunificha, kwa hiyo nilibaki nyuma sana. Pale njiapanda mbwa wale wakainuka. Mbwa wetu akajificha nyuma ya sketi. Niliona mabega ya mtoto yakipanda mpaka masikioni. Hakukimbia.

"Mwacheni," akawaambia. "Huyu bado mtoto."

Wakasimama kidogo, kisha wakarudi kulala. Inawezekana waliniona mimi nikija na jiwe. Inawezekana walikuwa wameshiba. Sina njia ya kujua, na nimejaribu kutojali, sijaweza.

Aligeuka akaniona. "Shangazi, mrudishe. Shuleni hawamruhusu."

Akaenda, peke yake, begi likimpiga kiunoni. Nilimwita mbwa. Hakuja. Alikaa njiani mpaka sweta la bluu lilipopotea, ndipo akanifuata, kwa mbali, kama watu wasiofahamiana.

Nyumbani nilimkuta Mama anafua zile nguo za begi la Itigi, zote, ingawa zilikuwa safi.