Sila na Mwaka wa Hesabu ya Ng'ombe

Shemeji yangu Sila alikuwa mdogo wa mume wangu, na kwa miaka mingi habari zake zimesimuliwa vibaya. Wanasema nyumba ya Mzee Bartolomayo ilimficha kijana wao kwa sababu iliuonea aibu ugonjwa wake. Nyumba hiyo ndimo nilimoolewa, na nimeishi humo tangu mume wangu Nikodemo akiwa hai mpaka sasa nilipobaki peke yangu. Naandika ili wajukuu wasome yaliyotokea, wasitegemee yanayopikwa vilabuni. Sila alikula nasi sahani moja. Alikunywa kibuyu kimoja na baba yake mbele ya wageni. Aibu haikuwamo. Kilichokuwamo ni hofu, na hofu yenyewe haikuwa juu yake.

Nilifika katika tembe la baba mkwe mwaka wa hamsini, nikitokea shule ya misheni. Nikodemo alikuwa karani wa baraza la mtemi, akienda na kurudi kwa baiskeli. Sila hakuipenda shule. Alikaa msimu mmoja akatoroka, akasema hawezi kumsikiliza mwalimu asiyenuka maziwa. Kazi yake ilikuwa ng'ombe, na katika kazi hiyo sijaona wa kumfikia. Alikuwa na vidole virefu, vikavu, na alipokamua maziwa yalishuka kwa mlio mmoja usiokatika. Ng'ombe wakali, wale wa kurusha teke, aliachiwa yeye.

Siku niliyojaribu kukamua, ng'ombe alinipiga nikaangukia samadi na kanga yangu mpya. Sila alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, umemshika kama kalamu! Huyo haandiki, huyo anatoa maziwa."

"Basi njoo unifundishe."

"Nikufundishe halafu mimi nifanye nini? Niende barazani nikakae kiti cha kaka?"

Tulizoeana hivyo. Kila nilipokosea jambo la nyumbani alinitania kabla mama mkwe hajanisema, na hapo mama mkwe alicheka badala ya kukasirika. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Ilikuwa jioni moja ya kiangazi. Baba alitaka moto wa kiko chake. Sila akachukua kaa kwa vidole, kama wanavyofanya wachungaji wengi, lakini yeye hakulirusharusha. Alilishika akiendelea kusimulia habari ya fisi, mpaka sote tukasikia harufu. Mama mkwe akampiga mkono, kaa likaanguka. Ngozi ilikuwa imeungua, naye anatazama kama mtu aliyeonyeshwa mkono wa mwingine.

"Mkono wa mhunzi huo," baba akasema, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwenye kigasha niliona baka lililopauka, kubwa kama kiganja cha mtoto. Nikodemo naye aliliona. Tuliangaliana tukanyamaza.

Lazima nieleze kwa nini tulinyamaza. Siku zile mgonjwa wa ukoma alipojulikana, mtemi alitakiwa kumpeleka kambini, mbali na kwao. Mwanamke mmoja wa kijiji jirani alichukuliwa akaacha mtoto anayenyonya. Hakuna aliyejua atarudi lini, na dawa ya kambini ilikuwa sindano ya mafuta iliyouma sana na kuponya wachache. Anayetulaumu kwa kunyamaza wakati huo na aseme yeye angemtoa nani.

Mambo yakageuka mwaka wa hamsini na tatu. Serikali ilitoa amri mpya, na daktari akaja kutoka Dodoma kuisoma mbele ya mtemi na majumbe. Nikodemo ndiye aliyeandika yaliyosemwa. Alirudi nyumbani amechafuka vumbi mpaka nyusi, akaitupa baiskeli ukutani.

"Sila haendi popote," aliniambia hata kabla sijampa maji. "Atakaa hapa hapa. Dawa ni vidonge. Kila wiki anakwenda zahanati ya mtemi, anameza mbele ya dresa, anarudi. Daktari amesema akiwahi, vidole vyote vitabaki."

Nililia kwa furaha. Lakini baraza lile lilikuwa na jambo la pili. Serikali ilisema malisho ya Ugogo yamechoka na mifugo lazima ipunguzwe. Kila nyumba itahesabiwa ng'ombe, na wa kuzidi watatolewa. Na kwa kuwa gari lilikuwa moja, bwana mifugo na dresa wangezunguka vijijini pamoja: huyu akihesabu ng'ombe, yule akitafuta wagonjwa.

Mwenye shauri hilo hakuwa na nia mbaya. Aliona gari na petroli. Hakumwona baba mkwe wangu.

Tulikaa naye uani, Nikodemo akamweleza yote mawili bila kuficha. Mzee alivuta kiko chake taratibu.

"Gari ni moja?" aliuliza.

"Moja, baba. Lakini mambo ni mawili."

"Gari moja ni jambo moja. Mtu haniletei dawa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unafungua zizi langu, halafu aniambie nitazame wa kulia tu."

"Baba, dawa ni ya kweli. Nimemsikia daktari mwenyewe."

"Sikatai. Watamwona Sila, watauliza analala wapi. Analala na ng'ombe. Wataingia na vidonge, watatoka na hesabu."

Nikaomba ruhusa ya kusema. "Baba, ng'ombe wanaweza kuzaa tena. Vidole vya Sila havioti."

Hakunikaripia. Alinitazama kwa upole, na upole ule ulinishinda kuliko ukali.

"Mkwe wangu, umesoma vizuri, nami najivuna watu wakisema karani amepata mke msomi. Lakini njaa ya Mtunya hukuiona. Nyumba zilizokuwa na ng'ombe zilitoka watu. Zisizokuwa na ng'ombe zilitoka fisi. Kwetu tulizaliwa wengi, nikabaki mimi."

Kwa desturi yetu, mtu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki wamlishie, na jirani hajui yupi ni wa nani. Lakini safari hii marafiki nao walikuwa wakihesabiwa. Palibaki mbuga ya Bahi, kwenye matope na matete, ambako gari haliingii. Na aliyeweza kulipeleka kundi zima bila kupotea hata ndama alikuwa mmoja.

Nilimfuata Sila zizini. "Usiende. Nenda kwanza kwa dresa, hata wiki moja."

"Na hawa nani atawapeleka? Kaka? Atawasomea barua?"

"Sila, sifanyi mzaha."

"Najua, shemeji." Alikuwa akimfunga ng'ombe kamba ya shingoni, na niliona kidole kidogo cha kulia hakifuati vingine. "Nikirudi nitameza vidonge vya dresa vyote kwa mkupuo, hata vya wagonjwa wengine. Wanikute na tumbo limejaa."

Waliondoka kabla jua halijachomoza. Gari lilipokuja lilikuta kwetu mbuzi na ng'ombe wazee wachache. Bwana mifugo hakuamini, akasema atarudi. Kwa sababu hiyo, kila Sila alipotaka kurejea, baba alimpelekea neno asubiri.

Nikodemo alikwenda kwa dresa. Mhudumu huyo wa zahanati alikuwa Mrangi wa Kondoa, jina lake Mustapha, kijana safi, kaptura yake ya kaki daima ina mikunjo ya pasi. Mume wangu akamwomba ampe vidonge ampelekee ndugu yake.

"Bwana karani, amri umeiandika kwa mkono wako," Mustapha alimjibu. "Mgonjwa ameze nikimwona. Dawa hii ina ukali, nikimpa mtu nisiyemwona nikamdhuru, nitamwambia nini mama yake?"

Mustapha akapanga chupa zake, kisha akageuka.

"Yuko wapi huyo ndugu yako? Usiniambie habari ya ng'ombe. Sijauliza ng'ombe."

"Bahi. Kwenye matete."

"Basi nitakwenda mimi. Wewe mpelekee habari kwamba nakuja, asinipige mkuki."

Huo ulikuwa wema mkubwa. Hakuna amri iliyomtaka dresa aendeshe baiskeli mpaka Bahi kumtafuta mchungaji mmoja. Nikodemo alimpa ujumbe mchuuzi wa samaki anayekwenda huko, naye aliufikisha mpaka mahali Sila alipokuwa amelala siku zilizotangulia. Hakumkuta. Malisho yalikuwa yamekwisha, Sila amehama upande mwingine wa mbuga, na mchuuzi hakujua habari ile ina uzito gani. Aliuza samaki wake akarudi.

Mustapha alifika, akaacha baiskeli kwenye udongo mkavu, akaingia matopeni kwa miguu. Kwa mbali akaona migongo ya ng'ombe. Akaita, "Sila! Sila wa Bartolomayo!"

Sila alimsikia. Alinieleza mwenyewe baadaye, tukiwa tumekaa nje ya jiko.

"Niliona kaki, shemeji. Bwana mifugo anavaa kaki. Karani wake anavaa kaki. Nikasema hawa sasa wamejua mpaka jina langu, wamelipata kwa nani? Nikawasukuma ng'ombe ndani zaidi, maji mpaka kifuani."

"Aliita mara nyingi?"

"Mpaka sauti ikakauka. Nikasema moyoni, huyu ana bidii, lazima anataka ng'ombe wengi." Alijaribu kucheka. "Sikudhani mtu anaweza kuingia matope yale kwa ajili yangu."

Mustapha alirudi na matope mpaka kiunoni. Aliahidi kwenda tena, lakini mvua zikaanza mapema, na mwaka ule zilikuwa kubwa. Mbuga ikafurika. Wavuvi walifurahi, sisi tukakatiwa njia. Baba alikuwa akitoka nje kila asubuhi anatazama upande wa magharibi, na sikumsikia tena akitaja hesabu.

Maji yalipopungua ndipo Sila akarudi, kundi lote mbele yake limenona, na ndama wa kuzaliwa huko. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitazama mikono. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na viwili vimeliwa ncha kwa vidonda ambavyo hakuvisikia vikimla. Fimbo ameifunga mkononi kwa ukanda wa ngozi.

Hesabu ya ng'ombe haikuja tena. Watu waliipinga kila mahali, serikali ikaiacha polepole, kimya kimya, kama mtu anayeondoka kwenye ngoma asiyoiweza. Nyumba zilizohesabiwa karibu yetu zilitoa ng'ombe wachache tu.

Sila alikwenda zahanati siku ya pili. Nilimsindikiza mimi mwenyewe, mchana, kwa njia ya kupitia sokoni, ili kila mwenye macho aone kama tunaficha. Mustapha aliishika mikono ile miwili kwa muda mrefu, wala hakumlaumu mtu. Sila hakukosa wiki hata moja. Ugonjwa ulisimama. Mabaka yakafifia, na mwishowe Mustapha akamwambia, "Ndugu yangu, dawa imemaliza kazi yake. Ilichokuta imekilinda. Kisichokuwepo, haiwezi kukileta."

Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyezaa siku zile, mkali, asiyekubali kushikwa. Asubuhi moja Sila alichukua kibuyu, akakibana kwa magoti, akajaribu kukamua kwa viganja. Maziwa yakamwagikia mguuni. Akajaribu tena. Ng'ombe akasogea, akarusha teke, kibuyu kikaviringika.

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Aliingia, akaokota kibuyu, akachuchumaa kwa shida mahali pa mwanawe. Mikono yake ya kizee haikuwa na nguvu, maziwa yakatoka kidogo kidogo kama ya mbuzi.

"Tungewaacha wahesabu," alisema bila kugeuka.

Sila alikuwa amemzungushia ng'ombe mkono shingoni, ili atulie.

"Ng'ombe wako wote wapo, baba," akamjibu. "Kamua tu, ndama anangoja."