Boga Lililokosa Baba

Mama mkwe wangu alipopiga simu kutoka Bungoma kusema atanitembelea Kitale, nilimwahidi boga kutoka shamba langu. Hapo nilijitia mashakani. Huyo mama ameuambia ukoo mzima ati mimi nikishika mbegu, mbegu inakata tamaa. Safari hii nilitaka anyamaze.

Mmea wangu hapa mtaani Matisi ulikuwa umetambaa hadi nyuma ya choo, umejaa maua ya manjano. Wiki hiyo binti yangu akaletewa kazi ya shule, achore sehemu za ua. Tukachuma mawili, tukayapasua mezani. Petali hizi hapa, sepali hizi. Moja lilikuwa na stameni iliyojaa chavua, likanichafua vidole, na chini yake kikonyo kitupu. La pili lilikuwa na ovari ya duara, kiboga kamili. Kumbe kuna maua dume na maua jike! Nikawaka. Samadi yangu yote ilikuwa inaliwa na madume yasiyozaa chochote.

Nilimuuliza binti chavua ni ya nini. Akasema hilo halikuulizwa.

Basi kila asubuhi nikawa nayakata madume yote, nayakaanga na vitunguu. Tulikula vizuri, siwezi kudanganya. Lakini viboga vikaanza kuoza na kuanguka. Nikaongeza samadi. Vikaanguka tena. Nilikuwa karibu kulia, kwa sababu mama alikuwa anafika Jumamosi.

Alifika, akauzunguka mmea mara mbili. Mwishowe akauliza maua dume yako wapi. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba tuliyala.

"Mwanangu," akasema, "umekula mabwana wote. Sasa watoto watoke wapi?"

Alicheka mpaka akaketi juu ya samadi. Asubuhi ya Jumapili, akiwa tayari na kofia yake ya kanisani, alipata dume moja nililosahau nyuma ya choo. Akalivua petali, akaipaka chavua kwenye stigma, ile ncha ya katikati ya ua jike moja, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta.

Boga likashika. Lilipokomaa nililibeba kwa mikono miwili hadi Bungoma, nimejitayarisha kusifiwa mbele ya mashemeji wote. Mama mkwe akalipokea, akalipapasa, akawageukia.

"Mama yake ni huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Baba ni mimi."